Wasomaji Wanauliza: Je, Vayoleti ya Afrika ni Ua la Msiba?

Barua nne zilizonifikia kwa ajili ya toleo hili zinahusu mmea mmoja, ule mdogo wenye majani ya manyoya laini na maua ya zambarau ambao wauza miche wa Nairobi huuita vayoleti ya Afrika. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa kuwa ndiyo iliyoniamsha usiku kuisoma tena.

Swali: Mwalimu, pokea salamu zangu. Mama yangu alifariki mwaka jana, na miongoni mwa vitu vichache nilivyovichukua nyumbani kwake Thika kimo chungu kimoja cha vayoleti ya Afrika, aliyopewa na akina mama wa jumuiya yake alipostaafu kazi. Kwake ilichanua karibu mwaka mzima. Kwangu, katika nyumba ya kupanga ghorofa ya tatu, nimeiweka juu ya meza ndogo sebuleni kando ya picha yake, na ninaimwagilia kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Tangu Januari haijatoa hata ua moja. Vikonyo vya majani vimerefuka, na majani mawili ya chini yameoza. Wifi yangu anasema kwamba zambarau ni rangi ya msiba, na kwamba mmea wa marehemu hauwezi kuchanua katika nyumba ambayo haijamaliza kulia. Ananishauri niutoe. Je, ua hili lina maana gani kiroho, nami nifanye nini?
*Binti wa marehemu, Umoja*

Jibu: Pole sana, dada yangu, kwa kuondokewa na mama. Wifi yako hakuzua jambo. Anayesali katika Kanisa Katoliki huliona vazi la zambarau likitolewa kabatini wakati wa Kwaresima, na mara nyingi padri hulivaa pia katika misa ya wafu, kwa hiyo si ajabu macho yake yakiiona rangi hiyo moyo wake ukaenda kwenye jeneza. Lakini vazi hilohilo huvaliwa wakati wa Majilio, katika zile Jumapili nne za kungojea kuzaliwa kwa mtoto. Na zamani za Warumi, rangi hiyo ilipokamuliwa kwa taabu kutoka kwa konokono wa baharini, ilikuwa rangi ya wafalme kwa sababu ya ghali yake. Rangi moja imebeba kilio, kungojea na enzi, na hakuna sheria inayokulazimisha uchague kilio peke yake.

Kuhusu ua lenyewe, yafaa ujue lilivyopewa maana zake, kwa kuwa halikuzaliwa nazo. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani aliyekuwa na makao yake Tanga, aliukuta mmea huu ukimea porini katika eneo lake, akaupeleka Ujerumani kwa baba yake. Baba naye akaufikisha kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za kifalme za Herrenhausen mjini Hannover, ambaye mwaka 1893 aliupa jina la kitaalamu Saintpaulia ionantha, yaani mmea wa familia ya Saint Paul wenye ua linalofanana na vayoleti. Kufanana huko ni kwa macho tu, maana vayoleti ya Ulaya ni wa ukoo mwingine kabisa. Hata hivyo jina liling'ang'ania, na jina likavuta maana. Wakristo wa Ulaya walikuwa kwa karne nyingi wakiiona vayoleti yao, iliyo fupi na inayojificha chini ya majani yake, kuwa ishara ya unyenyekevu na ya Bikira Maria. Mgeni kutoka Usambara akarithi sifa hizo, kama mtoto aliyeitwa kwa jina la babu ambaye hawafanani hata pua.

Wamarekani ndio walioongeza maana ya umama. Mbegu zilifika California katikati ya miaka ya 1920, zikatolewa aina za kuuzwa, na kufikia mwaka 1946 wapenzi wa mmea huu walikuwa wengi kiasi cha kuunda chama chao cha kitaifa. Ulikaa kwenye madirisha ya jikoni, ulichanua hata theluji ilipofunika bustani, ukawa zawadi ya Siku ya Akina Mama na alama ya uaminifu. Hizo ni maana walizoziweka watu, nami sizidharau, ila ningekuwa mwongo kama ningekuambia kwamba zimo ndani ya petali.

Iko moja, hata hivyo, ambayo naiona imetoka katika mmea wenyewe. Vayoleti ya Afrika huzalishwa kwa jani. Unakata jani moja na kikonyo chake, unakichomeka kwenye udongo mwepesi, na baada ya wiki kadhaa miche midogo huchomoza pale kikonyo kilipokatwa. Mmea huo mpya haukutokana na mbegu, kwa hiyo haukuchanganyika na mwingine; ni uleule ulioendelea mahali pengine. Inawezekana sana kwamba mmea aliopewa mama yako ulikuwa jani la dirisha la mwanajumuiya mwenzake, na lile nalo jani la dirisha la mwingine kabla yake. Ukitaka maana ya kiroho ya kumjibu wifi yako, mwambie kwamba huu ni mmea ambao wanawake wamepokezana kwa mkono, na kwamba ulio mezani kwako ni uleule mama yako alioushika.

Sasa tuje kwenye kutochanua, ambako marehemu hana lawama. Barua yako imenieleza mambo mawili bila wewe kukusudia: kwamba mmea uko sebuleni kando ya picha na si dirishani, na kwamba unaumwagilia kila siku. Kwao porini, vayoleti huota kwenye nyufa za majabali na kingo za vijito, chini ya kivuli cha miti mirefu. Hupata mwanga mwingi uliochujwa na majani, jua kali halilifikii jani, na maji hupita kwenye mizizi bila kutuama, kwa kuwa udongo wenyewe ni mboji kidogo tu iliyokwama mwambani. Meza ya sebuleni katika nyumba zetu za ghorofa, ambazo ukifungua dirisha unaweza kumpa jirani chumvi, haina mwanga wa kulisha ua. Vikonyo vilivyorefuka ni mmea unaonyoosha shingo kuutafuta mwanga. Kuoza kwa majani ya chini ni maji ya kila asubuhi.

Utafute dirisha lenye mwanga kuliko yote nyumbani. Likitazama mashariki ni bora, kwa maana jua la asubuhi ni pole. Hapa lazima nitoe tahadhari kwa wanaofuata maelekezo yaliyoandikwa Ulaya, yanayosema kwamba dirisha la kusini ndilo lenye jua na la kaskazini halina. Nairobi iko karibu sana na ikweta, kusini yake kidogo tu, kwa hiyo kati ya Aprili na Agosti jua hupita upande wa kaskazini, na kuanzia Oktoba hadi Februari hupita upande wa kusini. Dirisha lililokuwa na kivuli mwezi wa Juni linaweza kuunguza majani mwezi wa Desemba. Ukitaka kupima, weka mkono wako kiasi cha shubiri moja juu ya majani wakati wa adhuhuri. Kivuli hafifu chenye kingo zisizokatika vizuri kinatosha; kikiwa kikali kama kilichochorwa kwa wino, ning'iniza pazia jepesi; kisipoonekana kabisa, ua usilitarajie. Ikiwa madirisha yote yanatazama ukuta wa jengo la pili, taa nyeupe ya kawaida ya LED ikitundikwa kama sentimita 30 juu ya mmea na kuwashwa saa 12 kwa siku hufanya kazi hiyo vizuri. Usiku izime, kwa sababu mmea huu huhitaji pia giza.

Na picha ya mama ihamie huko pamoja na chungu. Hakuna sababu ya kuwatenganisha.

Kabla ya kuuhamisha, utoe mmea chunguni polepole uangalie mizizi. Myeupe na migumu ni mizima. Ya kahawia inayoteleza vidoleni imeoza, ikatwe kwa wembe safi. Ondoa majani yaliyooza, kisha uupande upya katika chungu kidogo kuliko unavyodhani: ukipima upana wa majani kutoka ncha hadi ncha, upana wa chungu uwe theluthi yake tu. Katika chungu kikubwa udongo hukaa na maji ambayo mizizi haiwezi kuyanywa. Udongo wetu mwekundu haufai peke yake, na ule mweusi wa mfinyanzi usiuguse kabisa. Mimi niliwahi kununua vayoleti tatu nzuri kwenye kitalu kimoja cha kando ya barabara, zote zimeshindiliwa katika udongo mweusi uliokauka kama tofali, nikaona uvivu kuzipandikiza upya. Mvua za Aprili hazikwisha kabla hazijafa zote, ingawa zilikuwa ndani ya nyumba, kwa kuwa udongo ule haukukauka tena. Changanya makumbi ya nazi yaliyosagwa, ambayo wauzaji huyaita kokopiti, na vipande vidogo vya yale mawe mepesi ya volkeno yanayotoka Bonde la Ufa, kiasi sawa kwa sawa, kisha uongeze kiganja kimoja cha mboji iliyoiva.

Kuhusu maji, acha ratiba ya kila asubuhi na utumie kidole. Udongo wa juu ukiwa mkavu, weka chungu ndani ya kisahani chenye maji, ukiache kinywe kutoka chini kwa muda wa nusu saa, halafu mwaga yaliyobaki. Katika majira ya baridi huenda ukamwagilia mara moja tu kwa wiki. Mmea huu hupenda joto la nyuzi 18 hadi 24, na hudumaa likishuka chini ya 15, kwa hiyo mwezi wa Julai, usiku, uusogeze mbali kidogo na kioo. Mbolea iwe ya maji, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, mara moja kwa mwezi. Zile punje tunazotilia mahindi zitaichoma mizizi. Ukifanya haya, ngoja miezi miwili au mitatu. Vichipukizi vya maua huanza kama vinundu vidogo vyenye manyoya katika kwapa za majani, navyo huonekana kabla hujavitazamia.

Swali: Mwalimu, assalamu alaikum. Mama alikuja kutoka Mombasa kututembelea hapa South C, akaliona ua langu la vayoleti, akainama kulinusa, akaniuliza, "Mwanangu, ua gani hili halina harufu?" Kwetu ua lisilo na harufu ni pambo tu. Je, kuna baraka yoyote katika kulifuga? La pili, majani yangu yana michoro ya mviringo ya rangi ya manjano na kingo za chungu zimeota ukungu mweupe mgumu. Ni ugonjwa?
*Abu Salma, South C*

Jibu: Waalaikumu salaam, ndugu yangu. Mama amesema kweli, wala sitabishana naye. Pwani ua hupimwa kwa pua kwanza na kwa macho baadaye: asumini, kilua, langilangi, mkadi, na kikuba kinachofungwa ili chumba kinukie kabla mwenyewe hajaonekana. Mrehani una heshima ya juu zaidi, kwa sababu neno raihani limo ndani ya Kurani, katika Sura ya Ar-Rahman. Vayoleti ya Afrika haimo katika orodha hiyo, na sioni haja ya kuiingiza kwa nguvu. Mpandie mama mrehani katika chungu cha pembeni ili naye apate haki yake. Mrehani unataka jua lenyewe na vayoleti inataka kivuli chenye mwanga, kwa hiyo wa mama ukae mbele karibu na kioo na wako nyuma yake. Baraka ya kukitunza kiumbe cha Mwenyezi Mungu kisife kwa kiu mbele yako, hiyo nadhani waijua kuliko mimi.

Ile michoro si ugonjwa. Nadhani unamwagilia kwa juu, kwa maji yaliyotoka bombani alfajiri yakiwa baridi. Jani la vayoleti likiguswa na maji yaliyo baridi kuliko lenyewe, chembe za ndani zinazobeba rangi ya kijani hufa, na alama hubaki pale tone lilipopita. Hazitafutika, ila majani mapya yatakuwa safi ukimwagilia kutoka chini kwa maji yaliyolala ndani ya nyumba usiku kucha. Vumbi usilioshe, lipanguse kwa burashi laini ya rangi za maji.

Ule ukungu mgumu ni chumvi, na hapo nakuuliza kama mtaa wenu unatumia maji ya kisima. Maji mengi ya visima virefu vya Nairobi yana floraidi na chumvi nyingine nyingi kuliko yale ya bwawa la Ndakaini yanayotufikia kwa bomba. Chumvi hizo hubaki chunguni maji yanapokauka, na huunguza vikonyo vinavyoegemea ukingo. Kinga maji ya mvua, ambayo hayana gharama. Mara moja kwa mwezi mimina maji mengi ya uvuguvugu kwa juu, ukiuelekeza mdomo wa kikombe kwenye udongo na si katikati ya mmea, mpaka yatoke chini, yamwage.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nimepewa jani moja la vayoleti na mwenzangu wa bwenini, lenye ua jeupe lililo na milia ya bluu. Nilipande vipi, na litachanua lini? Je, paka wa bweni akilila atadhurika?
*Mwanafunzi, Kahawa*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kata kikonyo kwa mshazari, kibaki na urefu wa sentimita tatu hivi, kichomeke katika mchanganyiko niliomweleza dada wa Umoja, kisha ufunike kwa mfuko mwangavu wa plastiki au chupa ya maji iliyokatwa kitako, ili unyevu usitoroke. Weka penye mwanga usio na jua. Vichanga vitatokea baada ya wiki sita hadi kumi, na ua la kwanza huenda likafika muhula huu wa sasa ukiwa umesahauliwa, yaani baada ya miezi minane au zaidi. Lakini nina habari isiyopendeza. Ikiwa milia hiyo hutoka katikati ya kila petali kwenda nje kama miali ya gurudumu, aina hiyo haitoi watoto wanaofanana nayo kwa jani, kwa kuwa mmea wenyewe una tabaka mbili za chembe zenye asili tofauti. Utapata ua la rangi moja. Paka hatadhurika, vayoleti ya Afrika haina sumu kwa paka wala mbwa, ingawa mmea wako ndio utakaodhurika.

Swali: Nasikia vayoleti ya porini ipo Taita. Likizo ya Desemba nitakuwa Wundanyi kwa shemeji. Je, naweza kuchimba michache nilete Nairobi? Na Wataita wenyewe huiona kuwa ua takatifu?
*Msomaji, Lang'ata*

Jibu: Ipo, ndugu, na si ya Taita peke yake, kwa kuwa jamaa zake wengine wanaota kwenye majabali ya chokaa ya Kilifi, na wengi zaidi wako Usambara na milima ya jirani nchini Tanzania. Wataalamu wa mimea waliiondoa katika jenasi (kundi la mimea ya jamii moja) yake ya zamani, Saintpaulia, mwaka 2015, wakaiunganisha na jenasi ya Streptocarpus, kwa hiyo ya Taita sasa huitwa Streptocarpus teitensis. Hiyo haipatikani mahali pengine popote duniani isipokuwa msitu wa Mbololo, nayo imo katika kundi la mimea iliyo hatarini kabisa kutoweka.

Kwa hiyo jibu la kuchimba ni hapana. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 hairuhusu kutoa mmea katika msitu wa umma bila kibali, na hata pasingekuwa na sheria, mmea uliozoea unyevu wa ukungu wa Mbololo ungekufa kwenye roshani yako kabla ya Pasaka. Ile ya vitaluni imezaliwa kwa vizazi vingi ndani ya nyumba. Ndiyo inayokufaa, na haimpunguzii mtu msitu.

Kuhusu utakatifu, sijasikia Wataita wakilitukuza ua hili. Walichokitukuza ni pahali: vile vichaka vya miti viitwavyo fighi, vilivyolinda kijiji na ambamo haikuruhusiwa kukata mti ovyo. Shemeji yako atakuonyesha kimoja ukimwomba kwa adabu, na huenda mzee wa hapo akataka kuombwa kwanza. Ukipata mwenyeji wa kukupeleka Mbololo, tembea taratibu ukitazama chini, kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Usitafute kichaka cha maua kama kile cha dukani, kilichoboreshwa na wakulima wa Ulaya na Marekani kwa zaidi ya miaka mia. La porini ni dogo, la zambarau iliyopauka, na huwa yamechanua machache tu kwa wakati mmoja, kila moja likiwa na vifuko viwili vya chavua vya manjano katikati, kama macho.